Nguzo za Rangi ya Chungwa

Billings, Montana
Machi 3, 1996

Dada yangu Arlys,

Nakusalimu, na kama baridi ya huko bado haijakumaliza, nakusalimu mara ya pili. Huku sote tu wazima. Mke wangu Renae anakohoa, lakini anakohoa huku akinisema, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Nyonga yangu ya kushoto imegeuka bawabu: kila asubuhi hunitangazia ni wapi nitaruhusiwa kwenda. Wewe je? Kifua? Miguu? Macho? Bado unaendesha pikapu mwenyewe mpaka posta, au jirani yako Duane Sattler ndiye anayekuletea barua?

Ninalokuandikia ni lile la kila mwaka. Bahati nasibu ya vibali vya kuwinda kulungu dume imefunguliwa. Unajua nimetupa jina langu humo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kila mwaka limerudi kama mbwa aliyefukuzwa. Mwaka huu, hata hivyo, mambo ni mengine. Daktari ameamua kuikata nyonga hii baada ya mwaka mpya na kuweka ya chuma. Ameniambia wazi kwamba nitatembea vizuri sokoni na kanisani, lakini makorongo niyasahau. Kwa hiyo kibali kikitoka mwaka huu, huyo ndiye kulungu wa mwisho nitakayemfuata kwa miguu yangu mwenyewe.

Kuna jambo jipya. Wameigawa nchi yetu sehemu mbili. Kila kilicho kusini ya barabara ya wilaya ni eneo moja, na kila kilicho kaskazini ni eneo jingine. Mtu atachagua moja tu, na kibali cha huku hakivuki barabara kwenda kule. Shamba letu limekaa pande zote mbili. Kusini ni korongo la Baba, lenye chemchemi na vivuli vyake. Kaskazini ni nyasi, mabua ya ngano na upepo.

Sikuombi uniambie. Najua kanuni ya Baba kama uijuavyo: mahali hapasemwi, huonyeshwa. Hapasemwi mkahawani, hapasemwi kwenye simu ambayo zamani wilaya nzima iliisikiliza, wala hapaandikwi. Alikuwa akikupandisha ukingoni, akikupa darubini, kisha akinyamaza mpaka uone mwenyewe. Basi nitakuja wiki ya Pasaka. Utanipandisha, utanipa darubini, utanyamaza. Nikishaona, nitajua eneo la kujaza kwenye fomu.

Renae ataleta keki.

Mdogo wako,
Verlyn


Nyumbani
Machi 14, 1996

Mdogo wangu Verlyn,

Salamu zako zimefika. Kifua ni kizima, miguu ni mizima, na kuhusu barua nazichukua mwenyewe, kama nilivyozichukua siku zote. Mwambie Renae anywe asali, na asiache kukusema.

Usije Pasaka. Ng'ombe wanazaa, sina nafasi ya kupika. Theluji inayeyuka, na udongo wa huku unaujua: gari lako la mjini litazama langoni mpaka kwenye milango, halafu nitalazimika kulivuta kwa trekta huku Renae akilia kwa ajili ya viatu vyake.

Jaza kaskazini.

Ukitoka barabarani, lipite birika la kunyweshea ng'ombe lililo chini ya pampu ya upepo, uendelee kuelekea mabua ya Sattler. Utaona tambarare tupu, utasema hapa hata panya hana pa kujificha. Usidanganyike. Tambarare ile ina mikunjo, kama shuka alilolalia mtu. Uko mmoja ambao kutoka barabarani hauonekani kabisa. Dume mkubwa hulala humo mchana kutwa, amefumba macho, pembe zake ukizidhania ni matawi makavu. Upepo wowote ukivuma anaunusa, mtu yeyote akija anamwona. Tangu mwaka juzi hajahama.

Hakuna kitu korongoni.

Sasa umeshaambiwa, huna haja ya safari. Na keki ibaki Billings. Shangazi Borghild naye alitembelewa wiki ya Pasaka na watu wenye keki. Walimuuliza kifua, wakamuuliza miguu, wakamuuliza macho. Kabla ya Pentekoste alikuwa kwenye kile chumba cha mjini ambacho dirisha lake linatazama maegesho ya magari, na funguo za pikapu yake zilikuwa mfukoni mwako.

Dada yako,
Arlys


Billings
Machi 25, 1996

Dada Arlys,

Heri ya siku. Sisi hatujambo, na nadhani wewe hujambo pia, maana mgonjwa hana nguvu za kuandika hivi. Kurasa sita! Herufi kubwa kama tangazo la mnada wa ng'ombe, kalamu nene kama kidole, na mistari mingine imepanda juu ya migongo ya mingine. Kama ulikuwa unanifokea, nimesikia. Renae alisikia kutoka jikoni.

La Shangazi Borghild tuliache. Aligonga ukuta wa benki kwa pikapu, Arlys. Mtu alipaswa kuzichukua zile funguo, na wewe ulikataa.

Tuzungumze kuhusu korongo. Juzi binamu yetu Merle alikuja huku kuuza madume ya ng'ombe, tukanywa naye kahawa. Nakupa maneno yake kama alivyoyatoa.

"Dada yako kalifunga korongo," akasema.

"Kalifunga kivipi?"

"Kapaka nguzo, bwana. Kuanzia nyumbani mpaka lango la korongo, nguzo baada ya nguzo, rangi ya chungwa. Mbichi, inang'aa kama boga."

"Basi anawazuia wageni."

"Wageni gani? Nani hupita huko?" Akapuliza kahawa yake. "Mgeni wa kwanza kuzuiwa ana nyonga mbovu na anakaa Billings."

"Nyamaza, Merle."

"Mimi ninyamaze, sawa. Na pikapu ya Duane Sattler, inayoegeshwa mlangoni kwake kila asubuhi, nayo tuiambie inyamaze?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Mimi na wewe tumezaliwa kwenye nchi hii: mtu akiipaka nguzo rangi ya chungwa amemwambia kila apitaye, usiingie, huna ruhusa. Baba hakupaka hata moja maisha yake yote. Alisema mtu mwenye adabu huja mlango wa jikoni na kuomba, na asiye na adabu hasomi rangi. Leo umepaka wewe, na si mpakani: umepaka njia ya kwenda korongoni. Tena najua, na mkahawa wote unajua, kwamba mkwe wa Duane huwapeleka matajiri wa mashariki kuwinda.

Juu ya hayo yote, unaniandikia mahali. Kwa kalamu! Katika ukoo wetu! Baba alitaja mahali mkahawani mara moja tu, tena pa uongo, ili nusu ya wilaya ikakae siku nzima ikitazama kinyesi cha kondoo. Mtoto wa mtu yule akiniandikia kurasa sita za "pita hapa, pinda pale", nifikiri nini?

Niambie kweli. Ni nani umempa korongo?

Mdogo wako,
Verlyn


Nyumbani
Aprili 6, 1996

Verlyn,

Mimi ni mzima. Ndama wote ni wazima isipokuwa mmoja.

Nguzo ni zangu. Seng'enge ni yangu. Rangi niliinunua mwenyewe na nikaipaka mwenyewe, kwa mkono huu uliokufundisha kufunga kamba za viatu. Sina deni la maelezo kwako wala kwa Merle, ambaye tangu utotoni hajui kufunga lango wala mdomo.

Duane huja kusaidia ndama. Ananywa kahawa, anakula lefse zangu, ile mikate myembamba ya viazi, anaenda zake. Ana miaka sabini na mmoja, na jino moja la mbele. Kama mkahawani wanataka kutengeneza hadithi kwa vifaa hivyo, wana kazi ngumu.

Sikumpa mtu korongo. Chemchemi ya Baba imekauka. Kiangazi cha mwaka juzi ilitoa matope, cha mwaka jana haikutoa hata matope. Kulungu si mjinga wala hana kumbukumbu za kifamilia, anafuata maji. Maji yako kwenye birika la kaskazini, linalofurika kwa sababu boya lake limeharibika na mimi sikulitengeneza. Kwa nini sikulitengeneza, jiulize.

Nimekuambia mara moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe la kwako limeshaanza.

Jaza kaskazini.

Arlys


Billings
Agosti 2, 1996

Dada Arlys,

Natumaini kiangazi hakijakukausha. Hapa joto limewafanya watu wote kuwa wachungu, na mimi sikuhitaji kusaidiwa.

Nimekaa kimya tangu Aprili kwa sababu sikutaka kusema jambo kabla halijawa. Sasa limekuwa. Bahati yangu imetoka. Baada ya miaka yote ile, bahasha ilikuja nene badala ya nyembamba, Renae akapiga kelele mpaka jirani akaja.

Nilijaza kusini.

Nilikaa na barua zako mbili mezani mpaka siku ya mwisho ya kupeleka majina. Ulisema kaskazini mara mbili, na mara zote mbili ulisema kama mtu anayesukuma mlango ili usifunguke. Hukutaka nije. Hukutaka nipande ukingoni. Nilipouliza nguzo, ulinijibu kamba za viatu. Baba alitufundisha kwamba dume mkubwa hujulikana kwa kitu kimoja: pale ambapo majike wote wanakuvuta macho, yeye yuko upande wa pili. Nikasema, basi na mimi nitatazama upande wa pili wa maneno yako.

Nitakuja Novemba, majani yakishaanguka na kulungu dume wakianza kuwafuata majike. Nitalala mjini, sitakusumbua. Na kwa kuwa njia imepakwa rangi, naomba ruhusa kwa maandishi, kama mgeni yeyote: Bibi Arlys Brekke, je, ninaweza kuingia kwenye korongo nililozaliwa karibu nalo?

Verlyn


Nyumbani
Agosti 20, 1996

Verlyn,

Ruhusa unayo. Lango la korongo lina mnyororo tu, halina kufuli. Ulifunge ukitoka.

Usipitie nyumbani, kama ulivyosema.

Hakuna kitu korongoni.

Arlys


Mjini, nyumba ya wageni
Novemba 6, 1996

DADA YANGU ARLYS,

Pole kwa ukubwa wa herufi. Nimempelekea mama wa dukani shida yangu, naye amenipatia kalamu ya kuandikia bei za maboga. Nadhani ndiyo kalamu unayotumia wewe. Nimeacha nafasi pana katikati ya mistari. Duane amekubali kuileta. Mwambie akusomee ikishindikana, lakini nadhani haitashindikana.

Sijui nikusalimu vipi. Nakusalimu hivi: niko hai, nina aibu, na nimekuona.

Nimewinda korongo la Baba kuanzia kichwani mpaka mkiani. Nimeshuka kwa makalio mahali ambapo zamani nilishuka kwa kuruka. Chemchemi ni sahani ya udongo uliopasuka. Nyayo zilizomo ni za mwaka jana, ngumu kama zimechongwa. Kichakani nilikuta pembe kuukuu, zimetafunwa na panya. Kila siku nilijiambia: matajiri wameshapita, wamewamaliza wote. Nikatafuta maganda ya risasi, alama za magurudumu, hata kizibo cha chupa ya mtu wa mashariki. Sikupata kitu. Nikakasirika kwa kutokupata, kana kwamba nawe ulikuwa umeificha hiyo dhambi usiyoitenda.

Jana asubuhi nilipanda ukingoni. Nilitumia muda mrefu, nyonga ilikuwa ikinitukana kila hatua. Nilipofika nilikaa kwenye jiwe la Baba, nikashika darubini, na kwa sababu kusini hapakuwa na cha kutazama, nikatazama kaskazini, ng'ambo ya barabara.

Nyasi. Pampu ya upepo. Birika linafurika, likimeta. Halafu mabua ya Sattler. Nilipitisha darubini mara nyingi, tambarare tupu. Nikasema kwa sauti, "Hapa hata panya hana pa kujificha." Nikayasikia maneno yako kinywani mwangu, nikairudisha darubini taratibu, nikitafuta ule mkunjo wa shuka.

Matawi makavu mawili, mahali pasipo na mti.

Tawi moja likageuka.

Arlys, sijawahi kumwona dume kama yule. Shingo imevimba kama gunia, masikio kama ya nyumbu wa Babu, na pembe pana kuliko kiti cha jikoni. Alikuwa amelala wazi kabisa, mbele ya mbingu na nchi, mahali pale pale uliponiandikia mwezi wa Machi. Ningeweza kushuka, kuvuka barabara na kutambaa kwenye mkunjo mpaka karibu. Mfukoni nilikuwa na karatasi isemayo KUSINI.

Ningekuwa nimerudi Billings jana ile ile, na ningekuwa bado nakuchukia kidogo, lakini nilisikia pikapu yako.

Ilitoka nyumbani polepole, polepole kuliko ng'ombe. Ilikwenda mpaka nguzo ya kwanza ikakaribia kusimama, ikaenda ya pili, ikakaribia kusimama. Nikasema, huyu anakagua rangi yake. Ulipofika langoni ulishuka. Uliweka mkono juu ya nguzo, ukaushusha, ukapapasa mpaka ukapata mnyororo. Ulikuwa hutazami mkono wako. Ulikuwa umegeuza kichwa upande, kama kuku anayetazama mwewe.

Kisha ukainua uso ukatazama ukingo. Nilikuwa nimesimama juu ya jiwe, anga nyuma yangu, nimevaa kizibao cha rangi ya chungwa ambacho sheria inatulazimisha wawindaji kuvaa ili hata mlevi atuone. Nilipunga mkono. Ulinitazama usoni moja kwa moja, kisha ukarudi garini.

Kwanza nilisema: ananidharau. Hilo ndilo lililokuja kwanza, nakuambia bila kulipaka sukari. Kisha nikaona pikapu ya Duane, imesimama mbali nyuma yako, imezimwa, akikusubiri urudi salama bila wewe kujua.

Nikakaa chini. Mambo yote yakanijia kwa pamoja: herufi kubwa, mistari iliyopandana, Pasaka, keki, "macho?" Hukupaka nguzo ili mtu asiingie. Ulizipaka ili uone pa kupita.

Tangu lini, Arlys? Na kwa nini hukuniambia?

Mdogo wako,
Verlyn


Nyumbani
Novemba 9, 1996

Mdogo wangu,

Duane hakunisomea. Nilisoma mwenyewe, neno moja baada ya jingine, kwa pembeni. Ilinichukua asubuhi nzima. Kahawa ilipoa na mkate ukaungua. Usimwambie Renae habari ya mkate.

Hujambo? Nyonga je? Umepanda ukingo kwa mguu ule? Wewe ni mpumbavu, na Baba angefurahi.

Umeuliza tangu lini. Ilianza na mistari ya Biblia kupinda, kama nguo kwenye kamba. Kisha katikati pakaingia doa. Daktari anasema doa halitaondoka, litakua, lakini kingo zitabaki. Nikikutazama usoni, huna uso. Nikitazama sikio lako, uso unarudi. Kichekesho ni kwamba namwona kulungu vizuri kuliko ninavyouona mkono wangu. Yule dume nilimpata hivyo: nilikuwa birikani, natazama pampu, na pembeni kabisa mwa jicho kitu kikajikuna. Nikigeuka kumtazama, hayupo. Nikitazama pembeni, yupo. Nilirudi siku nyingi ili niwe na hakika kwamba si doa. Duane aliponifuata kujua ninachofanya, nilimwambia nahesabu nyasi.

Umeuliza kwa nini. Wewe unajua kwa nini. Mtu aliyechukua funguo za Borghild alikuwa na haki, ukuta wa benki una alama mpaka leo. Ndiyo maana nilimwogopa. Mwongo ningemweza.

Na jambo la pili, ambalo ni baya zaidi. Uliniomba nikupandishe ukingoni, nikupe darubini, ninyamaze. Ningekaa pale karibu nawe nikiwa nimenyamaza kwa sababu sioni, na wewe ungedhani ninanyamaza kama Baba. Nisingeweza kukufanyia hivyo. Nikaona afadhali nivunje kanuni na nikuandikie. Nilivunja kanuni ya Baba kwa ajili yako, Verlyn, wewe peke yako kati ya watu wote walio hai, na wewe ukaisoma barua yangu kama ule uongo wa Baba wa mkahawani.

Sikasiriki. Nilikasirika Aprili, nimechoka. Nami nilikuficha, na anayeficha asishangae akitafutwa.

Siendeshi barabarani tena, kama hilo ndilo linalofuata kwenye kalamu yako. Barua analeta Duane, nilikudanganya. Naendesha ndani ya uzio wangu tu, nguzo kwa nguzo. Ukitaka kuja kuchukua funguo, ziko kwenye msumari ule ule.

Ukitaka kuja kwa jingine lolote, mlango wa jikoni unaijua sauti ya buti zako. Msimu bado haujafungwa. Nipandishe ukingoni, unipe darubini nisiyoweza kuitumia, na usinyamaze. Ongea mpaka nione.

Dada yako,
Arlys


Jikoni kwako
Desemba 1, 1996

DADA ARLYS,

Umelala, na Renae amepiga simu mara ya tatu akiuliza kama nimehamia huku. Naondoka kabla barabara haijaganda, kwa hiyo nakuachia maneno haya chini ya chupa ya jemu, mahali unapoanzia kupapasa kila asubuhi.

Msimu umefungwa leo, na kibali changu nimekitia jikoni kwenye moto. Wewe ulisikia karatasi ikiungua ukauliza ni nini. Nilisema bili ya umeme. Haikuwa bili ya umeme. Nakuambia ili tusianze tena.

Sitaudharau uchungu wake. Nililisubiri jambo lile nusu ya umri wangu, nikaliandika vibaya kwa mkono wangu, na Januari wataikata nyonga. Lakini kuna asubuhi ile ya ukingoni, nami nilipokuwa nikikuambia, kama mtangazaji wa mpira, "Ameinuka, amejinyoosha, anatazama magharibi," ukanikatiza.

"Huyo siye."

"Siye vipi? Namwona kwa macho yangu!"

"Wewe unaona kwa macho, ndiyo tabu yako. Mkubwa hasimami wa kwanza. Tazama pembeni yake, penye nyasi ndefu."

Nikatazama pembeni yake. Bado nasikia ulivyocheka nilipotukana.

Kwa hiyo tumjue sisi wawili, na Duane, ambaye amejifanya hajui. Mwakani nitatupa jina langu kaskazini. Likitoka, Duane atanipeleka kwenye mkunjo kwa trekta, na wewe utakaa juu ya jiwe kutuelekeza. Lisipotoka, tutapanda tu kumtazama.

Funguo ziko kwenye msumari. Nilizishika mara moja, juzi. Nikazirudisha. Duane na mimi tumekubaliana jambo kuhusu wewe na pikapu majira ya theluji. Utalisikia kwake, utafoka, na kisha utakubali.

La mwisho. Umeniuliza jana kutwa nilikuwa wapi na kwa nini nguo zangu zinanuka. Nilikwenda kwa muuza vifaa nikamaliza rangi yake yote. Nguzo zako ziliishia kwenye lango la korongo. Sasa zinaendelea: zinapanda kilima mpaka ukingoni, hadi kwenye jiwe la Baba, moja baada ya nyingine, pande zote mbili ili usikose. Nilizipaka nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nyonga ikinitukana, Duane akinishikia kopo na kunicheka kwa lile jino lake.

Merle alipita barabarani, akapunguza mwendo, akafungua dirisha.

"Na wewe tena, Verlyn? Mmefunga shamba lote?"

"Lote," nikamwambia. "Usiingie."

Alikwenda mbio kuelekea mkahawani. Kufikia sasa wilaya nzima imeshajua kwamba watoto wa Brekke wana kitu wanachokificha kule juu.

Mdogo wako,
Verlyn